Niliwaonea Wivu Mbwa wa Marehemu

Kosa ni langu, tena msinitafutie sababu. Mtu mzima mimi, nimezaa, nimezika, nimeolewa mara mbili, nikakaa kitako kumwonea wivu mbwa! Si mmoja, wawili. Tena vikongwe, hata mfupa hawauwezi.

Jina sitaji. Kama wewe ni mtu wa Tanga na umenitambua, nisitiri. Jambo hili nimelibeba kifuani mpaka limenichosha, na dada yangu ndiye aliyesema, "Liandike ulitoe, maana mimi masikio yangu yamejaa."

Mume wangu nitamwita Hassani, si jina lake. Alikuwa dereva wa greda kwenye kazi za barabara. Ujana wake wote kaumaliza makambini, mwaka huu Handeni, mwaka kesho Lindi. Alikuwa na tela yake ya kulala, ile nyumba ya bati yenye magurudumu inayovutwa nyuma ya gari. Kitanda humo, jiko humo, dirisha na pazia lake. Humo aliishi na mkewe wa kwanza, Mwanaisha, aliyekuwa akiwapikia mafundi wa kambi. Mtoto hawakujaaliwa. Wakaokota watoto wawili wa mbwa kambini, wakawafuga kwa ulinzi. Dume wakamwita Greda kwa jinsi alivyokuwa akinguruma. Jike wakamwita Lulu.

Mwanaisha akafariki. Hassani akastaafu, akaivuta tela mpaka shambani kwao Mwera, kule Pangani, akaiegesha katikati ya minazi, akaweka matofali chini, matairi yakaisha upepo. Akakaa hapo na mbwa wake mpaka aliponiposa mimi.

Dada yangu alinionya. "Mdogo wangu, umeambiwa ana nyumba. Nyumba yenyewe ina magurudumu!" Nikasema potelea mbali, mume mwema ni bora kuliko bati jipya. Na mume mwema alikuwa mwema kweli, hilo silikatai hata leo.

Maisha ya ndani ya tela nisikufiche, yanataka moyo. Ukipiga chafya kitandani vikombe vinalia jikoni. Mchana bati linachoma, hukai. Mvua ikija hamsikilizani. Meza inakunjwa ukutani ndipo mtu apate pa kuswalia, na mmoja akiswali mwingine apande kitandani au atoke. Lakini nilipapenda. Nilishona mapazia mapya, nikapanda mchaichai pembeni, nikajiona bibi harusi.

Sasa mbwa. Walikuwa wakikaa nje, chini ya tela, kwenye kivuli. Ndani hawakuwa wakiingia. Hassani ni mtu wa swala tano, na kwetu sisi mate ya mbwa ni najisi, hilo halina mjadala. Walikuwa na vyombo vyao na ndoo yao, na yeye akishawahudumia anajitwaharisha ndipo anaingia. Kwa hiyo mbwa hawakunikosea kitu. Kilichonikosea ni mdomo wa Hassani.

Alfajiri akitoka msikitini, kabla hajaniuliza hali mimi, anainama chini ya tela. "Lulu, mama, umeamkaje? Miguu vipi leo?"

Lulu, mama! Mimi mkewe ananiita Mama Salma, kwa jina la mwanangu, kwa adabu kama vile ameniuzia sukari. Mbwa ndiye mama!

Dagaa anawachemshia mwenyewe, anawaponda na ugali mpaka ulainike kwa kuwa meno yao yameisha. Greda alikuwa kiziwi, basi Hassani akimtaka anapiga mguu chini ili mnyama asikie mtikisiko. Lulu miguu ya nyuma ilikuwa imelegea. Kila asubuhi anamfunga kitambaa kiunoni, anamwinua pole pole, wanatembea wote wawili mpaka mnazi wa kwanza na kurudi. Nami niko dirishani nakata vitunguu, natazama. Magoti yangu nayo yanauma, mbona haniulizi mtu?

Siku moja jioni nikamchokoza kwa utani wa kinafiki. "Baba, huyu Lulu mbona kila siku saa hizi anakodolea macho njia? Anamngoja nani?"

Akanijibu bila hata kufikiri. "Anamngoja Mwanaisha. Saa hizi ndiyo alikuwa akirudi sokoni."

Akasema hivyo, akaendelea kumenya muhogo wake.

Yarabi! Hapo ndipo niliposhikwa. Kumbe kwenye tela ile tulikuwa watatu. Mke mwenza aliye hai utamsuta, utamvalia kanga ya fumbo, mtakutana kisimani mtaambiana. Marehemu utamfanya nini? Hana mlango wa kumgongea. Alichoacha ni mbwa wawili wanaomngoja, na mume wangu anawasaidia kumngoja. Nikaona, sawa, mwenyewe simpati, nitawapata walinzi wake.

Uongo wa kwanza ulinitoka kama kikohozi. Hassani alikuwa amerudi kutoka kuangua nazi, nikamwambia, "Baba, Lulu kaingia ndani kalamba sufuria ya wali."

Kwa asiyejua: chombo kikilambwa na mbwa kwetu kinaoshwa mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Si suala la kupenda au kutopenda, ndivyo dini ilivyo.

"Lulu?" akaniuliza.

"Lulu, nimemwona kwa macho yangu haya."

Akamtazama mbwa aliyekuwa amelala chini. Akazitazama ngazi za tela. Kisha akaibeba sufuria mpaka kisimani, akaisugua kwa udongo, akaisuuza na kuisuuza tena mpaka hesabu ikatimia. Akairudisha inang'aa.

Na mimi nilifurahi! Wallahi nilifurahi. Kumwona ameinama anafanya kazi kwa sababu ya neno langu, niliona leo na mimi nimehesabiwa. Wivu ukishakulewesha, hata uongo unauona ni haki yako.

Basi nikapata mchezo. Keshokutwa yake nikasema bakuli. Halafu kata ya maji. Halafu mswala wangu, nikautia unyevunyevu kidogo ili uongo uwe na ushahidi. Kisima kiko mbali, na mgongo wa Hassani si wa ujana tena. Anateka, anaosha, anaanika. Mara zote anauliza swali lile lile, "Lulu?" nami najibu jibu lile lile. Sikuwahi kujiuliza kwa nini anaishia hapo.

Mwisho nikaona najichosha. Nikamwambia, "Baba, mimi siwezi kukaa na najisi mlangoni. Watoke."

Akafikiri kidogo. "Sawa, Mama Salma."

Akakata miti, akasuka makuti, akawajengea banda upande wa pili wa shamba. Siku wanahama nilipika biriani, nikajipulizia na udi. Nikasema leo nimepata mume wangu mzima mzima!

Kumbe wapi. Akishaswali Alasiri anachukua birika lake la kahawa anakwenda bandani, harudi mpaka adhana ya Magharibi. Siku moja nikamnyemelea kwenye minazi nisikie anafanya nini huko. Alikuwa anawasimulia mbwa hadithi za kambini, siku greda ilipozama kwenye tope wakavutwa na trekta la mkulima, anaigiza na sauti ya trekta. Na anacheka! Kucheka kule kwangu hakukuwepo. Nilitaka mbwa watoke, akatoka yeye.

Nilirudi kwenye tela nikalitazama birika la pili, langu, limekaa kwenye jiko. Ningeweza kulichukua nikaenda kukaa naye bandani. Umbali wenyewe hata mtoto anatambaa. Lakini mimi niende nikakae na mbwa wa Mwanaisha? Thubutu! Kiburi kikanikalisha.

Basi ikatokea Hassani akapata msiba wa rafiki yake Lushoto, akaondoka. Aliniachia maagizo mlangoni. "Dagaa waponde sana. Na Lulu umfunge kitambaa umwinue, usimburute, anaumia."

"Nenda tu, baba. Wote nitawaangalia."

Kesho yake fuso la nazi likaja shambani. Dereva wake tunamjua wote, huchukua nazi Pangani akazipeleka mpaka Horohoro, mpakani. Nikamfuata.

"Kaka, hutaki mbwa wa ulinzi? Bure tu."

Akaenda kuwachungulia bandani. "Hawa, dada? Mbona hawa wazee hawa?"

"Wazee ndio wanaojua kazi. Mchana wanajifanya wamelala, usiku utawapenda."

Akacheka. "Haya, nina stoo yangu Horohoro, wezi wananimaliza. Walete. Mwenyewe Bwana Hassani yuaridhia?"

"Yeye ndiye aliyenituma," nikasema. Angalia ulimi ulivyozoea!

Greda alifuata kamba bila matata, akapandishwa. Lulu hakuweza kusimama. Kitambaa chake kilikuwa kimetundikwa hapo hapo bandani, nilikiona kwa macho yangu. Sikukigusa. Nilijizungushia gunia mkononi, nikamtia kamba, nikamburuta kwenye mchanga mpaka kwenye gari. Hakubweka wala hakunionyesha jino. Alijisaidia kwa miguu yake ya mbele akijitahidi kunifuata. Mungu anisamehe, alikuwa anajitahidi kunifuata.

Fuso likaondoka. Nikafagia banda, nikaoga, nikajitwaharisha. Uchafu wenyewe ulikuwa mahali maji hayafiki.

Hassani aliporudi alikwenda bandani kwanza, kama kawaida yake. Akaja mlangoni. "Mama Salma, mbwa wako wapi?"

"Wameondoka. Nimeamka siwaoni."

"Lulu ameondoka?" akauliza. "Kwa miguu ipi?"

Alizunguka banda akaona mburuzo kwenye mchanga, akaufuata mpaka kwenye alama za matairi. Kisha akatoa simu akampigia mwenye fuso. Sikusikia waliyoyasema. Nilimwona tu anaiweka simu mfukoni, anachukua kofia yake, anaondoka bila kunywa hata maji.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Dereva alipofika Muheza akashuka kula, akawatazama wale mbwa vizuri, akaona amepewa mzigo. Akawashusha pale pale njia panda, penye wauza machungwa, akaendelea na safari yake.

Hassani alirudi kesho yake kwa pikipiki. Nyuma amefunga tenga la machungwa, ndani ya tenga amelala Lulu. Mama mmoja muuza machungwa alimkuta chini ya meza yake, akamwekea maji kwenye kifuu, akamfunika gunia, akawakataza watu wasimpige mawe.

Greda alikuwa kiziwi. Pale njia panda magari hayapungui. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Nilijua atanifokea. Nilijiandaa kwa kufokewa. Hakufoka, akamlaza Lulu kivulini, na mimi ule ukimya ukanipandisha wazimu, nikaanza mwenyewe. Nikapiga kelele mpaka majirani wakasimama njiani. "Mbwa! Mbwa! Mimi nani kwako? Mwanaisha amekufa, Hassani! Amekufa! Na mbwa wake wanalamba vyombo vyangu wewe unawaita mama!"

Akaniacha nikamaliza. Ndipo akasema, taratibu, "Lulu hajalamba chombo chochote. Ngazi zile hazipandi, huu mwaka wa pili. Nilijua toka sufuria ile ya kwanza."

"Kama ulijua, kwa nini uliosha?"

"Kwa sababu ulisema wewe. Ningeacha kuosha, ningekuwa nimekwambia mke wangu mwongo."

Jamani! Afadhali angenipiga kofi.

Akaendelea. "Mama Salma, mimi nilikuwa nawangoja hawa wafe kwa siku zao. Mwanaisha aliniusia hivyo, nisiwatupe. Wakishakwenda, naiuza tela, nakujengea nyumba. Tofali nimeshaagiza. Nilikuwa nataka nikimaliza huzuni ile niimalize yote, nije kwako mwepesi. Ungenivumilia kidogo tu."

Akanipa talaka moja. Hata hiyo aliitoa kwa utaratibu. Akasema eda nikae hapo hapo ndani ya tela, yeye atalala bandani, tusikilize mioyo inasemaje, pengine atanirejea. Mwanamke mwenye akili angekaa. Mimi nikabeba begi, nikamwambia, "Lala na mbwa wako!" nikapanda gari mpaka Tanga mjini kwa dada yangu.

Na hapo bado Mungu alinipa mlango mwingine. Eda haijaisha, Hassani akamtuma kaka yake kuja kuleta sulhu. Mtu mzima yule, nikamwamkia shikamoo, nikamkalisha, nikampa juisi. Akasema mdogo wake yuko tayari kunirejea, kilichopita kimepita. Unajua nilijibu nini? Nikasema, "Achague. Mimi au Lulu."

Dada yangu alishika kichwa. Kaka mtu akaweka glasi chini, akaaga.

Nilikaa nikingoja jibu. Kila simu ikilia naruka. Nilikuwa na hakika atanichagua, maana mtu gani anachagua mbwa asiyesimama? Eda ikaisha, jibu halikuja. Baadaye nikaelewa kwamba jibu lilikuwa ndilo lile.

Sasa sikiliza kilichonimaliza. Hassani alikwenda Muheza kumpelekea yule mama wa machungwa shukrani na nazi zake. Akaenda tena kumpa habari za Lulu anaendeleaje. Halafu akaenda hata hana habari ya kupeleka. Yule mama alikuwa mjane. Wakaoana.

Umeelewa, shoga yangu? Mimi mwenyewe nilimpakia Lulu kwenye fuso, nikamtuma Muheza kumposea bwana wangu mke!

Nilikwenda Mwera mwezi uliopita. Nilisingizia nimefuata sinia langu na mapazia, lakini ukweli nilitaka kumwona huyo mke mpya. Nilitaka awe mbaya. Nilitaka awe na mdomo mchafu, nirudi na cha kusema.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mwanamke wa makamo, Mbondei, mnene kiasi, ana unga mikononi. Akanitambua kabla sijajitaja. "Karibu, dada. Karibu ndani. Umekuja na jua lote hili!"

Kando ya ngazi walikuwa wameweka ubao mpana, umetandikwa gunia lisiteleze, unapanda mpaka kwenye kibaraza kidogo cha mbao mbele ya mlango. Lulu alikuwa amelala juu ya kibaraza, upepo unampiga. Ndani haingii, chombo halambi, na mtu akipita anaguswa na kivuli chake tu. Ubao! Ubao mmoja tu, jamani. Mimi nilitunga uongo mwaka mzima, na dawa ilikuwa ubao.

Lulu alininusa. Nikaganda. Akatikisa mkia mara mbili, akaweka kichwa chini akalala. Hakunikumbuka kwa ubaya, au hakunikumbuka kabisa. Sijui lipi ni zito zaidi.

Nyuma ya tela nikaona kuta za nyumba zimefika usawa wa madirisha. Hassani alikuwa juu ya ngazi ya fundi anashika kamba. Akashuka, akanisalimu kwa heshima zote, akaniuliza kama Salma wangu hajambo. Halafu yule mwanamke akamwambia kitu kwa chini, sikukisikia, Hassani akacheka. Kicheko kile kile nilichokinyemelea kwenye minazi.

Basi wanawake wenzangu, na nyinyi wanaume pia, maana wivu hauna jinsia, nisikilizeni mimi niliyeungua. Ukiolewa na mtu aliyefiwa, umeolewa na msiba wake. Usiushindanie. Kaa nao, upikie, uulize hali yake, utaondoka wenyewe kwa adabu zake. Na ukiitumia dini kufunika roho mbaya, ujue unayemficha ni wewe mwenyewe, wenzako wanakuona. Na mtu akikutumia mjumbe wa sulhu, usimpe masharti, mpe begi lako alibebe!

Nilimwonea wivu maiti, nikamwonea wivu mbwa. Sasa nimepata mtu mzima, mwenye afya, wa kumwonea wivu kihalali, na siwezi hata kumchukia. Nilipoaga alinijazia mfuko wa machungwa ya kwao, akanisindikiza mpaka barabarani akinishikia sinia. Niliapa nitayatupa mtoni tukivuka. Sikuyatupa. Niliyala kwenye gari moja baada ya jingine, nalia, maganda yamejaa mapajani, na abiria wananitazama. Yalikuwa matamu kweli kweli.